Matunzo ya Wazee na Walemavu Mpakani: Historia ya Mipango ya Serikali Busia na Tororo

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na barabara ya mpaka. Chini ya utaratibu ulioanza Januari 2018, mkazi wa Busia ya Kenya aliyefikisha umri wa miaka 70 alistahili kupokea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kutoka serikalini, mradi tu awe hana pensheni nyingine. Ng'ambo ya barabara, katika Busia ya Uganda, mzee wa umri huo huo hakustahili chochote. Utaratibu ulioenezwa katika Uganda nzima kuanzia mwaka wa fedha wa 2020/2021 ulimtaka afikishe miaka 80 ndipo apate shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Mara nyingi watu hawa wawili ni ndugu wa ukoo mmoja, wanazikana na kuozana. Hali ni hiyo hiyo ukipanda kaskazini hadi Malaba na Tororo.

Makala haya yanaeleza jinsi tofauti hiyo ilivyozuka. Yanadai pia kwamba chini ya tofauti hiyo kuna jambo ambalo serikali zote mbili zimefanana tangu enzi ya ukoloni, nalo ni kwamba swali la nani atamwogesha mzee, atamgeuza kitandani na kumlisha halijawahi kupangiwa bajeti ya maana. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunahusika pia, kwa sababu ukimya huo umejificha ndani ya maneno tunayoyafundisha.

Mpaka na dhana ya kwamba jamaa watatunza

Inafaa kukumbuka kwamba hadi Machi 1902 eneo lote hili lilikuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na mwaka 1926 mpaka ukaelezwa rasmi kwa kufuata mito na vilima. Waiteso wakajikuta pande mbili, Wasamia nao vivyo hivyo. Upande wa magharibi ulitawaliwa kama sehemu ya Bukedi, na wa mashariki kama sehemu ya Nyanza. Jina la Busia kama wilaya lilikuja baadaye sana: upande wa Kenya mwaka 1963, na upande wa Uganda mwaka 1997 ilipomegwa kutoka Tororo.

Je, serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango gani kwa wazee na walemavu wa eneo hili? Mpango wa karibu zaidi tunaoweza kuutaja ni msamaha wa kodi. Mtu mzee sana au dhaifu aliweza kuondolewa katika orodha ya walipa kodi ya nyumba na ya kichwa. Serikali ilimwona mzee kama mtu asiyedaiwa, wala si mtu anayedai. Yaliyobaki yaliachiwa ukoo. Dhana iliyotawala ilikuwa kwamba Mwafrika ana ardhi na jamaa, kwa hiyo uzee wake hauhitaji mpango.

Dhana hiyo ilikuwa na faida ya kifedha kwa waajiri. Kamati ya Mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter nchini Kenya ilitoa ripoti yake mwaka 1954, na iliona wazi kwamba mfanyakazi wa mjini hana usalama wa uzeeni isipokuwa shamba lake kijijini. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja asiye na familia. Gharama ya kumkuza kijana na ya kumtunza akishazeeka ililipwa na mkewe aliyebaki akilima. Kwa maneno mengine, matunzo yalikuwapo, na yaligharimu, lakini bili yake haikupelekwa kwa yeyote mwenye mamlaka.

Alupe

Kulikuwa na kundi moja ambalo serikali haikuweza kuliachia ukoo, nalo ni watu wenye ukoma. Kilomita chache kutoka mjini Busia, kwenye njia ya kwenda Malaba, kuna mahali paitwapo Alupe. Hapo yalikuwapo makao ya serikali ya wagonjwa wa ukoma yaliyojulikana kama Itesio, na kando yake kikajengwa Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki, kwa kumbukumbu ya daktari John Lowe aliyefariki mwaka 1955 baada ya kazi kubwa ya kutibu ukoma Nigeria kwa dawa ya dapsoni. Kituo kiliendeshwa na taasisi za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kiwanja kilikuwa Kenya, lakini katika majarida ya kitabibu ya enzi hizo anwani yake ya posta ilisomeka Busia, Uganda. Anwani hiyo inatueleza mengi kuhusu jinsi mpaka ulivyochukuliwa wakati ule.

Kwa maoni yangu, Alupe inastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya jambo hili kuliko inayopewa. Kabla ya dapsoni kuenea, kuingia makao ya ukoma kulikuwa safari ndefu isiyo na tarehe ya kurudi. Baada ya dapsoni, ugonjwa uliweza kuzuiwa, ila vidole vilivyokwisha kupotea havikurudi, macho yaliyoharibika hayakuona tena, na jamaa waliokwisha kugawana shamba hawakuwa tayari siku zote kumpokea mwenye shamba. Kupona kukawa jambo moja, na kuweza kuishi peke yako likawa lingine. Hapo ndipo makao ya tiba hugeuka kuwa makao ya uzeeni bila mtu yeyote kuamua hivyo. Muuguzi aliyeajiriwa kufunga vidonda hujikuta pia anapika, anachota maji na kuzika. Hii ndiyo matunzo ya muda mrefu kwa maana kamili ya maneno hayo, nayo ilitolewa na serikali, hapa hapa mpakani, kwa sababu ya hofu ya kuambukizwa zaidi kuliko kwa sababu ya huruma.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kituo kilibaki upande wa Kenya, na baada ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya kuundwa mwaka 1979 kikawa chini yake. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mseto, na ukoma ukapungua kwa kasi. Leo jina Alupe linajulikana zaidi kwa chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2022. Wanafunzi wanaosoma huko wanakanyaga ardhi ambayo ilikuwa nyumbani kwa watu waliokatazwa nyumba zao.

Uhuru, mshahara na reli

Baada ya uhuru mkazo uliwekwa katika kazi. Nchini Kenya kamati iliyoongozwa na Waziri Ngala Mwendwa mwaka 1964 ilichunguza malezi na urekebishaji wa walemavu, na matokeo yake yakawa vituo vya kufundisha ufundi. Kimoja kilijengwa Odiado, katika nchi ya Wasamia, Busia. Uganda nayo ilikuwa na vituo vya aina hiyo, kikiwemo Mpumudde karibu na Jinja. Wazo lilikuwa zuri: mlemavu afundishwe kushona viatu au nguo, ajitegemee. Lakini angalia ni nani aliyeachwa nje. Mtu asiyeweza kuketi bila kushikwa hakuwa na kituo, wala bibi aliyepofuka akiwa na miaka 75.

Kwa wazee kulianzishwa mifuko ya hifadhi ya jamii, Kenya mwaka 1965 na Uganda mwaka 1967. Mifuko hiyo ilikuwa ya waajiriwa. Katika Tororo iliwafaa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji na wa maofisini, si mkulima wa mtama wala mchuuzi wa samaki. Mfano wa reli unaonyesha vizuri udhaifu wa kutegemea ajira. Tororo ni mji wa reli: njia kutoka Kenya ilipita hapo kuelekea Kampala, iliyofikiwa mwaka 1931. Wafanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki walikuwa na pensheni ya kweli, tena ya mataifa matatu kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mwenye pensheni hiyo hakujua adai kwa nani. Ilichukua miaka saba hadi mkataba wa kugawana mali na madeni uliposainiwa Arusha mwaka 1984, chini ya upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht, nao ukaamua kwamba kila nchi itawalipa raia wake. Ndiyo kusema, utaratibu uliovuka mpaka ulikatwa vipande vitatu, na mzee akatakiwa kwanza athibitishe yeye ni wa nani.

Baiskeli za magurudumu matatu

Katika miaka ya vita na upungufu wa bidhaa nchini Uganda mpango ulizuka bila kupangwa na wizara yoyote. Kila mwanafunzi wetu anajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa katika mipaka hii, kwa baiskeli zilizovusha abiria na mizigo. Wachache wanajua kwamba Busia ilikuwa pia na wachukuzi waliopooza miguu, wengi wao kutokana na polio, walioendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu. Maofisa wa forodha waliwaachia wapite na shehena ndogo bila kuwatoza ushuru, na wafanyabiashara wakagundua kwamba baiskeli ile hubeba mengi kuliko ionekanavyo.

Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika juu ya watu hawa katika sura ya kitabu iliyochapishwa mwaka 2007. Whyte aliwahi kuishi na kufanya utafiti kwa miaka mingi huko Bunyole, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Tororo, na ndiye mhariri, pamoja na Benedicte Ingstad, wa kitabu kinachojulikana sana kuhusu ulemavu na utamaduni cha mwaka 1995. Kinachovutia katika maelezo yao ni kwamba walemavu wa Busia walijenga nyumba, wakaoa na kusomesha watoto, na hata kuwaajiri watu wenye miguu mizima kuwasukumia mizigo. Ulemavu ukawa kibali.

Tusikimbilie kushangilia. Kibali hicho kilitegemea ofisa aliyeko zamu, na pia kodi kuendelea kuwa tofauti pande mbili za mpaka. Kila hatua ya kuunganisha forodha za Afrika Mashariki ilikipunguzia thamani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni ni jambo jema kwa magari ya mizigo. Kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa pengo kati ya nchi mbili, kuzibwa kwa pengo hakukuja na mpango mbadala. Na mikono hiyo iliyokuwa ikizungusha pedali inazeeka. Mlemavu wa miaka 30 na mlemavu wa miaka 70 si suala moja, ijapokuwa sheria huwataja kana kwamba ni mtu yule yule.

Sheria, kura na fedha

Kwa upande wa sheria Uganda ilitangulia. Katiba ya mwaka 1995 iliweka miongoni mwa malengo ya taifa kwamba dola itoe riziki ya kiasi kwa wazee, na ikawapa walemavu viti bungeni. Tangu 1996 wamekuwapo wabunge watano wa watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaweka madiwani wawili walemavu, mwanamume na mwanamke, katika kila halmashauri, Tororo na Busia zikiwemo. Wazee nao wakapata wabunge wao katika uchaguzi wa mwaka 2021. Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, na Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kutunzwa na familia pamoja na dola. Neno “pamoja” hapo lina uzito, kwa sababu linaitia dola katika kazi ambayo awali ilikuwa ya jamaa peke yao.

Kwa upande wa fedha mambo yalipinduka, Kenya ikatangulia. Majaribio ya kuwapa wazee maskini fedha taslimu yalianza mwaka wa fedha wa 2006/2007 kwa kaya 300 katika wilaya tatu tu: Thika, Nyando na Busia. Kwa hiyo, Busia ya Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa nchini humo. Baadaye mpango ukaenezwa, kiwango kikawa shilingi 1,500 na kisha 2,000, na kuanzia mwaka 2011 fedha za kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa zikaongezwa. Mwaka 2018 sharti la umaskini liliondolewa kwa wenye miaka 70 na zaidi. Jina la mpango, Inua Jamii, ni la Kiswahili kwa raia wote, ingawa mtaani watu husema tu “pesa ya wazee”.

Uganda ilizindua mpango wake mwaka 2010 kwa msaada wa Uingereza na Ireland, na malipo yakaanza mwaka 2011 katika wilaya chache za majaribio. Umri ulikuwa miaka 65, na 60 kwa Karamoja. Tororo na Busia hazikuwamo. Kaberamaido na Katakwi zilikuwamo. Matokeo yake, Mwiteso wa Katakwi alipokea, Mwiteso wa Busia ya Kenya alipokea, na Mwiteso wa Tororo aliyekaa katikati yao akawa anatazama. Mpango ulipofika nchi nzima umri wa kujiunga ulikuwa umepandishwa hadi 80.

Kizuizi kingine kilikuwa tarehe. Vitambulisho vya taifa vikawa sharti, na wazee wengi walizaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kufika vijijini. Wao huhesabu umri kwa njaa, kwa nzige, kwa mwaka reli ilipopita. Karani huandika 1948 badala ya 1938, na kosa la tarakimu moja humgharimu mzee miaka kumi ya malipo. Mwaka 2022 mashirika ya kiraia yalifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Uganda kuhusu watu wanaokosa huduma kwa sababu ya vitambulisho.

Ukilinganisha na Zanzibar utaona njia nyingine. Huko, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali iliweka nyumba za wazee Sebleni na Welezo, ikiwa na watumishi wa kupika na kufua. Mwaka 2016 ikaongeza Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70. Nyumba hizo zina lawama zake, lakini angalau kuna mtu anayelipwa kwa kazi ya mikono. Mbali zaidi, Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995 na Japani mwaka 2000. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inagusa pia matunzo ya nyumbani na ya kwenye makao.

Maneno yetu

Hapa tugeukie darasa. Mjadala wa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema tunaujua: yamo katika ngeli ya ki-vi, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai (kipofu amefika). Wengine husema ngeli hiyo inamshusha mtu kuwa kitu. Binafsi naona hoja hiyo ni dhaifu ikisimama peke yake, maana kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo na hawalalamiki. Hata hivyo, mabadiliko kutoka kilema hadi mlemavu, kisha watu wenye ulemavu, yametokana na madai ya wenyewe, na hiyo ni sababu ya kutosha kuyafuata.

Neno linalonisumbua zaidi ni wasiojiweza, ambalo lilizoeleka sana Tanzania katika majina ya makao ya wazee. Linamweleza mtu kwa kitenzi kilichokanushwa na kirejeshi juu yake: asiyeji-weza. Halisemi ni nani anayemweza. Kwa upande mwingine tuna kulea, ambalo ni la watoto. Kuuguza, ambalo humfanya mzee kuwa mgonjwa. Kutunza, linalofaa pia kwa gari na vitabu. Na kuhudumia, linalonukia ofisi. Huku mpakani watu huuliza, “Nani anamwangalia mzee?” Kuangalia hapa ni kumwogesha, kumpikia, kulala chumba kimoja naye. Istilahi “matunzo ya muda mrefu” imeanza kuonekana katika hati, lakini mwenye kazi hiyo bado hajapata jina lililokubalika. Mtunzaji? Mlezi? Mwangalizi? Wanafunzi wa tafsiri wana kazi hapo.

Katika Inua Jamii mtu huyo anaandikishwa, ila kwa dhima moja: kumchukulia mzee au mlemavu fedha pale ambapo mwenyewe hawezi kufika. Halipwi chochote. Naye hutakiwa kuwa na kitambulisho cha Kenya. Chukua mfano wa binti wa Kisamia aliyeolewa ng'ambo, mwenye kitambulisho cha Uganda, anayevuka kila Jumamosi kumfulia mama yake, kumkata kucha na kubadilisha matandiko. Hawezi kuandikwa. Katika fomu litaandikwa jina la mjukuu anayesoma Nairobi.